Mawe Meupe Katika Shamba la Félicien

Jumamosi ile, jua likiwa bado halijachomoza nyuma ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, Mama Amandine alisikia mtu akipiga kelele mbele yake, akajua kwamba matembezi yameharibika.

Alikuwa nyuma kabisa ya msafara, kama kawaida yake, ili pasiwe na mama wa kuachwa peke yake kwenye mlima. Mbele walikuwa wageni, akina mama wa parokia moja ya mjini Uvira, waliokuja kwa mara ya kwanza kutembea katika njia za milima ya Makobola. Walikuwa wameambiwa jambo moja tu: fuateni mawe meupe. Nao waliyafuata wakiimba, mpaka yalipowafikisha katikati ya shamba la watu.

"Musisogee! Muntu asiinue hata mguu!"

Aliyepiga kelele alikuwa Félicien, mwenye shamba. Alisimama na jembe begani, suruali imekunjwa mpaka magotini, macho yamemtoka. Mbele yake akina mama wa mjini walikuwa wamekauka kama sanamu za kanisani, mmoja amezama mguu katika udongo laini, mwingine ameshika viatu mkononi.

Amandine alipita katikati yao, akaona. Félicien alikuwa ameandaa pepinyeri ya vitunguu, kitalu cha miche, matuta mawili marefu yaliyofuatana kwenye ubavu wa mlima, udongo wake umepondwa ukawa laini kama unga. Juu ya mbegu alikuwa ametandaza majani makavu, kama wakulima wote wafanyavyo, ili jua lisizichome na mvua isizichukue. Sasa majani yalikuwa yamesukumwa huku na huku, na miche iliyokwisha kuchipua, myembamba kama nywele, ilikuwa imelala ndani ya alama za viatu.

"Papa Félicien, utusamehe," alisema Amandine. "Njia yetu haipiti hapa. Inapita kule chini, kwenda chemchemi."

"Haipiti hapa? Na haya ni nini?" Félicien aliinua jiwe lililopakwa chokaa, akalitupa pembeni, akaliendea la pili. "Haya yameota? Yametoka mbinguni?"

Kabla hajalitupa la pili, Amandine alipata nafasi ya kuona yalipokuwa. Jiwe moja lilikuwa mwanzo wa majani. La pili lilikuwa mwisho wa majani. Aliliweka jambo hilo moyoni, ingawa wakati ule halikumwambia kitu.

"Kwa Shefu," alisema Félicien. "Twende kwa Shefu sasa hivi."

*

Shefu Basile, mkuu wa kijiji, alikuwa anakunywa chai mbele ya nyumba yake kando ya barabara ya Fizi. Alikuwa mtu aliyependa amani kuliko chai, na asubuhi ile alikosa vyote viwili. Félicien alisema. Amandine alisema. Watu waliokuwa wanapita na mihogo yao walisimama wakasema pia.

"Lakini minye nilijua," alisema mmoja wao. "Muntu anapanda mulima mikono mitupu, anashuka mikono mitupu. Bila jembe, bila kuni, bila kitunga. Hiyo ni akili gani? Mwisho wake ni kukanyaga mashamba ya watu."

Watu wakacheka. Amandine alikuwa amekwisha kukizoea kicheko hicho. Dokteri ndiye aliyeanza mambo yote, alipomwambia kwamba tansiyo yake, yaani shinikizo la damu, ikiendelea kupanda vile atawaachia watoto kilio cha pili, maana baba yao walikuwa wamemzika mwaka uleule. "Utembee," dokteri alisema. "Utembee kila juma, mahali pa kupanda na kushuka." Peke yake Amandine aliona haya. Akawaomba waimbaji wenzake wa korale ya kanisa. Wakatafuta njia katika milima, wakaweka mawe kwenye kila panda, Placide akayapaka chokaa. Hivyo wakazaliwa Watembezi wa Jumamosi. Tansiyo ilishuka. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakumwambia dokteri: Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee aliyoamka akiwa na hamu ya kuamka.

"Nasikia," alisema Shefu hatimaye. "Kosa iko. Pepinyeri imekufa, na vitunguu vya Félicien ndivyo vinasomesha watoto wake. Mama Amandine, kama ni wageni wamepotea, nitasema bahati mbaya. Lakini muntu amehamisha mawe. Kesho nyuma ya misa, munikutanie hapa. Uniletee huyo muntu. Kama hapana muntu, nitafunga njia zote za mulimani, kila mwenye shamba apande miyenzi kwenye mupaka wake. Matembezi yamekwisha."

Miyenzi ni mti wa ua. Ukipandwa, mvua mbili tu na hapapiti hata mbuzi. Amandine aliitikia kwa kichwa. Wageni wa mjini walikwisha kupanda pikipiki zao za motari, wakarudi Uvira na udongo wa Félicien miguuni.

*

Mtu wa kwanza aliyetajwa alikuwa Placide, mwenye ndoo ya chokaa. Amandine alikwenda nyumbani kwake akifuatana na Déborah, rafiki yake na mwimbaji wa sauti ya pili katika korale, ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Placide, jana ulipaka mawe?" aliuliza Amandine.

"Nilipaka. Saa tisa hivi nilimaliza. Si mulisema wageni wanakuja, njia ingae?"

"Ulikuwa umekunywa?" aliuliza Déborah.

"Mama Déborah! Nilikunywa nyuma ya kazi. Mbele ya kazi sikunywi, mawe yananiona."

"Ile panda ya kichuguu, jiwe uliliacha upande gani?"

"Upande wa kuume, kwenda chemchemi. Pale palipo sikuzote. Nilipaka palepale chini, sikuinua hata moja. Yako mazito, Mama. Minye napaka, sibebi." Alisita, kisha akaongeza: "Na chokaa ilikuwa bado maji. Niliweka nyingi, kwa heshima ya wageni. Aliyeyabeba, kama aliyabeba jana, alijichafua."

Waliondoka. Njiani Déborah alisema, "Ni yeye."

"Si yeye. Kama amekosea kwa pombe, angekosea jiwe moja. Haya yametembea kwa mupango."

"Basi ni Sévère. Kila muntu anajua ni Sévère."

Na kweli kila mtu alijua. Sévère alipakana na Félicien upande wa juu, na kati ya mashamba yao kulikuwa na kipande chembamba cha ardhi kilichokuwa kimewagombanisha tangu zamani. Hakuna aliyekilima, kwa sababu kila mmoja alipotia jembe mwenzake alikwenda kwa Shefu. Kilikuwa kimeota nyasi tu. Kama kuna mtu wa kufurahia hasara ya Félicien, ni huyo.

Sévère aliwapokea akiwa anamenya mihogo. Hakuwaambia wakae.

"Najua mumekuja kwa sababu gani. Ulizeni."

"Papa Sévère, weye ulihamisha mawe yetu?"

"Hapana."

"Watu wanasema uko na chuki na Félicien."

"Iko chuki. Sikatai. Yule muntu ameiba udongo wa baba yangu." Sévère alichoma kisu katika muhogo. "Lakini Mama, utumie akili. Kama nataka kuharibu pepinyeri ya muntu, nitaanza kubeba mawe ya kanisa? Nitangojea akina mama wa mujini? Nafungua mbuzi wangu tu usiku, kesho nasema kamba ilikatika."

Déborah alicheka, akajizuia kwa kiganja.

"Na tena," Sévère aliendelea, na sasa sauti yake ilishuka, "tuta la pili lilikuwa langu."

"Lako? Katika shamba la Félicien?"

"Maji iko kwake. Kwangu juu maji haifiki. Kila mwaka ananiachia tuta moja la pepinyeri, minye namupa mbegu. Mupaka tunagombana, vitunguu hatugombani. Uende umuulize. Mbegu yote ilitoka kwa mufuko wangu."

Baadaye walimuuliza Félicien, naye akakubali kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Ndiyo, mbegu ilikuwa ya Sévère. Hakumtaja kwa Shefu kwa sababu hakutaka watu waseme wamepatana.

*

Mchana jua lilikuwa kali. Déborah alirudi kupika. Amandine alipanda peke yake mpaka panda ya kichuguu, mahali ambapo njia ya chemchemi inaachana na vijia vya mashambani, akakaa kwenye nyasi na kufunga macho.

"Bwana," aliomba, "siombi unitajie jina la muntu. Unipe macho tu. Miguu iko."

Alipofungua macho aliangalia chini, kwenye miguu aliyoitaja. Kando ya kichuguu, mahali ambapo jiwe lilikuwa sikuzote, nyasi zilikuwa zimelala, na pembeni yake kulikuwa na matone ya chokaa, madogo, yakielekea kushoto. Placide alikuwa amesema kweli. Jiwe lilibebwa likiwa bado bichi, tena jana hiyohiyo.

Akaanza kufuata. Watu wote, tangu asubuhi, walikuwa wanauliza nani alitaka kuharibu shamba la Félicien. Lakini mawe ya njia hayawekwi ili watu wafike katikati na kusimama. Yanawekwa ili watu wafike mahali. Wageni walisimamishwa shambani kwa kelele za mwenyewe. Kama Félicien asingekuwepo, wangeenda wapi?

Kwenye shamba aliona mviringo mweupe mwanzo wa majani na mwingine mwisho wake, mahali mawe yalipokuwa yamekaa kabla Félicien hajayatupa. Alizunguka matuta kwa chini, akapanda ng'ambo ya pili. Na pale, mahali ambapo hakuna mtu aliyefika asubuhi, jiwe jingine lilikuwa limesimama salama, jeupe, limewekwa kwa uangalifu kando ya kijia. Juu zaidi, palipo na mgazi mmoja, mti wa mawese, la mwisho. Hapo njia iligawanyika. Kushoto ilikwenda kwa Sévère. Kuume ilipanda kidogo tu, ikaishia kwenye nyumba ya Emery.

Amandine alisimama pale kwa muda. Halafu akaenda kuume, kwa sababu kwa Sévère alikuwa amekwisha kufika.

Emery alikuwa mvuvi. Maisha yake yote alikaa chini, ufukoni, mpaka ziwa lilipopanda na kumeza nyumba yake pamoja na nyumba nyingine nyingi. Mkewe, Inamahoro, alikuwa na kipande cha ardhi mlimani kutoka kwa wazazi wake. Hapo ndipo Emery alipojenga kwa miti na hema. Ardhi yenyewe hakuilima. Nyavu ndizo zilijaa uani, zimetundikwa kwenye ua kama nguo, naye alikuwa amekaa chini akishona moja, uzi umeshikwa kwa kidole cha mguu.

"Mama Amandine," alisema bila kuinuka. "Bado munatembea kama watu waliofukuzwa?"

"Bado kidogo, Papa Emery. Mpaka kesho. Umesikia mambo ya leo?"

"Nilisikia kelele. Hapa juu iko kama kwenye dirisha, naona watu wote."

"Jana jioni hukuona muntu anabeba mawe?"

"Jana nilikuwa na kazi yangu." Alivuta uzi. "Lakini nikuambie kweli, hata kama utakasirika. Wageni wako hawana macho. Njia iko pale wazi, imetandikwa majani vizuri, muntu hawezi hata kuteleza. Wao wanaiacha, wanaenda kukanyaga vitunguu vya mwenzao. Hiyo ni kosa ya nani?"

Amandine alitaka kujibu, lakini kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamke. Ilikuwa imechoka, lakini angeitambua hata katikati ya soko.

"Emery? Nani iko hapo?"

"Muntu anapita tu," alijibu Emery, na sasa aliinuka, akasimama kati ya Amandine na mlango.

Inamahoro alikuwa mwanzilishi wa nyimbo katika korale. Kwa miaka yote walimfuata yeye. Kisha nusu moja ya mwili wake ikalala, na miguu haikumbeba tena. Na mvua zilezile ziwa likachukua nyumba. Akina mama wa korale walipanda kumwona mara moja. Emery aliwafukuza. "Muke wangu siye maiti ya kuangaliwa," alisema siku ile, mbele ya watu wote, na hawakurudi.

"Umusalimie," alisema Amandine.

"Nitamusalimia."

Alishuka mlima na moyo mzito. Mawe yalikuwa yamemfikisha mpaka kwenye mgazi, lakini bado hakujua nani aliyabeba.

*

Jioni, kabla ya giza, Amandine alipiga magoti kando ya kitanda. Alianza Baba Yetu polepole, kama alivyofundishwa, akiweka akili yake kwenye kila neno. Alifika "utupe leo," akasimama.

Imetandikwa majani vizuri.

Katika milima yote ile hapakuwa na njia iliyotandikwa majani. Nani apande na mzigo wa majani kutandika kijia? Majani hutandikwa juu ya mbegu, na mkulima yeyote, hata mtoto wake, akiona majani makavu yamelala marefu na sawasawa, anajua chini yake kuna kitu kinalala, anazunguka. Anazunguka bila kufikiri, kama vile mtu azungukavyo kaburi.

Lakini chini, kwenye mwalo, mitumbwi inapoingia na dagaa, ukingo wote ni tope. Wabebaji wangeanguka na samaki wao. Kwa hiyo wavuvi hukata nyasi na matete, huzitandaza ndefu na sawasawa kutoka majini mpaka barabarani, na watu wote hupita juu yake. Kwa mtu wa ziwa, majani yaliyotandazwa yanamwambia apite hapo.

Jiwe moja mwanzo wa majani. Jiwe la pili mwisho wa majani.

Amandine alimaliza sala yake, maana si vizuri kumwacha Mungu katikati ya neno, kisha akajifunga kitenge na kwenda mbio kwa Sévère.

"Papa Sévère, unaweza kunipa majani makavu?"

"Majani gani?"

"Ya pepinyeri. Mizigo miwili. Na unisaidie kuyatandaza mahali, kesho mbele ya misa. Bila mbegu."

Sévère alimwangalia. "Mama, tansiyo imerudi?"

*

Jumapili, baada ya misa, watu walianza kufika kwa Shefu Basile. Kati ya barabara na mahali pa viti, upande wa kushoto wa njia ya kuingilia, kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo jana yake. Majani makavu yalikuwa yamelala pale, marefu na sawasawa, yamechukua karibu nafasi yote.

Félicien alifika, akayazunguka akibanwa na ua. Placide aliyaruka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimvuta mtoto wake mwingine kwa sikio: "Pita huku, huoni?" Shefu mwenyewe alitoka ndani, akatazama, akamgeukia mkewe: "Nani amepanda vitunguu mulangoni mwangu?" Mke akasema hajui, lakini akainua kitenge na kupita kando. Hata Déborah, aliyeambiwa siri yote, alizunguka.

Emery alifika mwisho, amevaa shati safi. Shefu alikuwa ameita majirani wote wa mashamba yale. Emery aliingia moja kwa moja, akapita juu ya majani kutoka mwanzo mpaka mwisho, na alipofika mwisho akasimama na kupangusa tope la viatu vyake, kwanza cha kuume, kisha cha kushoto.

Watu waligeuka kuangalia miguu yake.

"Papa Emery," alisema Shefu, "unakanyaga pepinyeri?"

"Pepinyeri gani?" Emery aliangalia nyuma yake. "Hii si njia?"

Amandine aliinuka.

"Shefu, haiko mbegu pale. Nilitandaza minye, na Papa Sévère alinisaidia. Nilitaka kuona miguu ya watu. Wote wamezunguka, kwa sababu wote ni wakulima. Muntu aliyehamisha mawe hakujua pepinyeri inafanana namna gani. Aliweka jiwe moja mwanzo wa majani na lingine mwisho, kwa sababu aliona majani akafikiri ni njia nzuri. Hakutaka kuharibu kitu. Alichagua mahali ambapo wageni hawatateleza."

Akamgeukia Emery.

"Jana Papa Emery aliniambia wageni waliacha njia iliyotandikwa majani. Shefu, ile njia haiko. Ni matuta ya Papa Félicien."

"Matuta?" alisema Emery, kwa sauti ndogo. Alimwangalia Félicien. "Yale majani... vitunguu vilikuwa chini yake?"

"Ulifikiri viko wapi?" alilipuka Félicien. "Juu ya mti?"

"Nilifikiri viko pembeni. Nilifikiri umetengeneza njia." Emery aliketi polepole kwenye kiti alichosogezewa. Mikono yake mikubwa ilikaa magotini, na kwenye mikunjo ya vidole chokaa ilikuwa bado haijatoka. "Ni minye. Nilibeba mawe manne ya njia ya chemchemi. Ijumaa jioni."

"Kwa sababu gani?" aliuliza Shefu. "Hawa akina mama wamekufanya nini?"

Emery aliifuata kwa macho motari iliyopita barabarani, mpaka ikapotelea mbali.

"Kila Jumamosi wanapita kule chini ya mulima," alisema hatimaye. "Wanaimba. Muke wangu analala, anageuza kichwa, anasikiliza. Anasikia kidogo tu, upepo ukija vizuri. Halafu wanaingia nyuma ya kilima, sauti inakatika pale anapongojea. Hasemi kitu. Anageukia ukuta. Siku nzima hasemi kitu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilitaka wapite karibu, basi. Wapite tu, wakiimba."

"Si ungeniomba?" alisema Amandine. "Neno moja tu, Papa Emery."

"Nikuombe? Weye niliyekufukuza mulangoni? Minye ninayewacheka kila juma?" Alitikisa kichwa. "Mawe yalikuwa mepesi kuliko hilo neno."

Félicien aligeuka. Alimwangalia Sévère, na Sévère akamwangalia yeye, jambo ambalo watu walisema baadaye halikuwa limetokea tangu mwaka wa ziwa kupanda.

"Mbegu nyingine iko?" aliuliza Félicien.

"Iko kidogo," alijibu Sévère. "Itafika kwa tuta moja na nusu."

"Emery atalima matuta," alisema Félicien. "Mikono yake mwenyewe. Minye nitasimama pale na kumuonyesha. Na akilima vibaya atarudilia."

"Nitalima," alisema Emery.

Shefu Basile alikohoa. Aliona amani inakaribia, akaharakisha kabla haijabadili nia. "Kuhusu njia," alisema. "Sifungi. Lakini haiwezi kupita juu ya vitunguu. Félicien, Sévère, kile kipande chenu cha kugombania, kinatoka wapi, kinafika wapi?"

"Kinatoka kwenye kijia," alisema Félicien kwa mashaka.

"Kinafika kwa mugazi," alisema Sévère, kwa mashaka zaidi.

"Vizuri. Hakuna anayekilima. Tangu leo ni njia. Si ya Félicien, si ya Sévère. Akina mama wapite." Akawanyooshea kidole kabla hawajasema. "Na muntu asiniletee tena mambo ya mupaka ule mpaka nife."

*

Jumamosi iliyofuata mawe manne yalisimama kwenye njia mpya. Placide aliyapaka, na safari hii Emery aliyabeba mchana, mbele ya watu, akiteremka na kupanda bila neno. Watembezi wa Jumamosi walipita kati ya shamba la Félicien na la Sévère, mmoja mmoja kwa sababu ni pembamba, wakaupita mgazi, wakapanda kuume.

Emery alikuwa amemtoa Inamahoro nje. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya kivuli cha nyavu, amefunikwa kitenge cha korale, kile cha zamani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tuli. Uso ulikuwa umekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale.

Hakuna aliyejua aseme nini. Kwa hiyo wakaimba. Waliimba wimbo wote, aya zote, na Amandine hakuthubutu kumwangalia Inamahoro kwa sababu alijua atalia na sauti itakatika. Walipomaliza, Emery alikuwa amegeukia ziwa.

Inamahoro aliinua mkono wake mzima.

"Sauti ya pili inachelewa," alisema. "Déborah, ni weye. Ulikuwa unachelewa tangu zamani, na sasa hakuna muntu wa kukuambia. Rudieni mwanzo."

Déborah alifungua kinywa kujitetea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata neno. Wakarudi mwanzo. Wakarudi tena. Jua lilipanda juu ya Burundi likawa kali, Emery akaleta maji, Félicien na Sévère walisimamisha majembe wakasikiliza, na siku ile hakuna Mtembezi hata mmoja aliyefika kwenye chemchemi.